Kiganja cha Magadi

Siku ya mnada wa Karatu vumbi halina adabu. Lukresia, mwalimu wa kemia, alisimama mbele ya gunia la magadi, gauni lake la kitenge cha njano likipeperuka. Shuleni litimasi, karatasi ya kupimia asidi, ilikuwa imekwisha muhula mzima, naye alikuwa amepaka karatasi maji ya maua mekundu. Akayeyusha punje ya magadi kwenye kikopo, akachovya karatasi. Ikageuka kijani.

"Unamroga nani, dada?" iliuliza sauti kutoka juu ya lori la vitunguu vya Mang'ola.

"Wewe, ukiendelea kuuliza."

Mwanamume aliruka chini. Aliitwa Lembris, dereva, shuka jekundu limetupwa begani juu ya shati la kaki. Alitaka kuelezwa, na Lukresia akaeleza: asidi ni kali, kama ile iliyo ndani ya betri ya lori, magadi ni alkali, kinyume chake, zikikutana kwa kipimo sawa, ukali huisha.

"Kwa hiyo magadi yanaua asidi?"

"Yanaiua," alisema kwa haraka, maana alikuwa akimtazama meno.

Tangu hapo kila safari Lembris alipitia nyumba za walimu na magadi ya somo, akimwita mwalimu wangu, akibishana naye mpaka chai ipoe. Mvua zilipokwisha walikuwa wamekubaliana kuoana. Akawaleta marika wake wawili, Metui na Sironka, wamwone mchumba kabla habari haijafika kwa baba yake Loliondo. Neno la rika lina uzito huko.

Lukresia alikuwa ameomba asidi kidogo ya darasani. Lembris, akitaka kujionyesha, aliinamisha betri kuukuu uani huku akicheka. Asidi ikamrukia jichoni.

Alipiga kelele mara moja tu. Kisha akapapasa gunia la magadi alilomletea, akachota kiganja cha magadi na kukipeleka usoni. Lukresia aliupiga mkono ule, magadi yakamwagika.

"Niache! Yanaua asidi, ulisema mwenyewe!"

"Maji, Lembris! Lala!"

Hakulala. Akapapasa gunia tena. Basi Lukresia akamwangusha, akamkalia kifuani, akalifumbua jicho kwa vidole na kulimiminia maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka pipa likakauka.

Lembris aliinuka matope yakimchuruzika. Metui alitazama pembeni. Sironka akasema taratibu, "Mwanamke amekukalia kifuani, nasi tunaona." Lembris akapapasa njia kuelekea lori. Walipanda lori, Sironka akaliendesha, wakaenda kutafuta hospitali upande wa Wasso, karibu na kwao Loliondo.

Lukresia alipiga simu kutoka posta hadi ofisi ambako Lembris alikuwa akipakulia mizigo huko. Karani akamjibu kwamba Lembris yupo, ila hataki kuja kwenye simu. Lukresia hakujua kama jicho linaona. Usiku ule neno lake mwenyewe lilimrudia: yanaiua. Alikuwa amemfundisha nusu ya somo, akamwachia betri.

Siku aliyopaswa kuchanganya asidi na alkali mbele ya kidato cha pili, aliweka kwanza ndoo ya maji juu ya meza. Alikuwa bado anaeleza kwa nini, mlango ulipofunguka.

Lembris alisimama hapo, jicho jekundu lakini wazi, mkononi ameshika nyasi mbichi. Kwa Wamasai, anayekuja na nyasi amekuja kwa amani. Nyuma yake walikuwa Metui na Sironka. Waliouona mwereka ndio aliotaka wauone na upatanisho.

"Daktari anasema magadi yangelimaliza jicho," alisema. "Nayo yanaunguza. Maji ndiyo yaliyoniokoa."

"Sikukueleza hilo. Kosa ni langu."

"Ungenieleza siku ile."

"Ungetulia chini."

"Nilikuwa chini, mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa juu."

Darasa lilijiziba midomo. Sironka ndiye aliyecheka wa kwanza.

Lembris akanyoosha nyasi. "Baba amekubali. Rika limekubali. Umebaki wewe."

Lukresia alizipokea zote kwa mikono miwili, hata unyasi mmoja haukuanguka. Akazitia kwenye chupa tupu, akaiweka karibu na ndoo.

"Nimekubali," alisema. "Sasa kaa usikilize nusu iliyobaki."

Lembris akajibana kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga ubao, kando ya maji.