Uso wa Shaba

Harusi ilikuwa jioni ile, na ukumbi wa hoteli pale Al Sadd, mtaa wa mji wa Kiarabu, ulikuwa umejaa wapanga maua na mafundi wa taa. Katikati ya fujo hiyo Kassim, mlinzi kutoka Lindi, sare yake imenyooshwa kama ya afisa, akamwona msichana wa usafi akisugua kinara cha mishumaa.

"Dada, hicho hakiguswi. Cha Kifaransa, kina miaka mia na zaidi."

"Kwani kitaniuma?"

Alikuwa Sharifa, Mpemba wa Wete, mtandio wa zambarau, macho ya utani. Kinara chenyewe kilikuwa mwanamke wa shaba aliyepakwa dhahabu, ameinua matawi sita ya mishumaa.

Wakaanza kupigiana simu kila siku. "Umekula, mpenzi?" "Nile nini, na sauti yako imenishibisha?" Hata mchana mmoja Sharifa akamwambia, "Dada yangu Maimuna alifia mji huu, akitumika kwenye nyumba ya watu. Kazikwa hapa hapa. Sina hata picha. Yule wa shaba ana paji lake la uso."

"Wapemba na majini yenu," Kassim akacheka. Sharifa hakucheka.

Kila siku aliusugua uso ule kwa dawa ya shaba, na kila siku dhahabu ilibanduka. Asubuhi moja Kassim alipita, akasimama ghafla: mwili wa kinara ni wa dhahabu, uso ni wa shaba iliyosawijika, mweusi, hai, unamtazama.

Saa hiyo hiyo meneja akaanza kumsaka mharibifu. Kassim akaitwa wa kwanza.

Sharifa akapiga simu. "Umenitaja."

"Ukiweza kuniwazia hivyo, niwazie." Akakata. Kiburi chake hakikumruhusu kuongeza neno.

Siku mbili Sharifa alingoja kuitwa. Hakuitwa. Laban, mlinzi mwenzake Kassim, ndiye aliyemwambia: "Jamaa alisema ni yeye. Kesho anarudishwa kwao."

Sharifa alimkuta Kassim mtaa wa Najma, kwenye kibanda cha chai chini ya bweni la walinzi.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Ungesema."

"Ungeniuliza."

Sharifa akalia bila sauti. "Kinara wamekifunga sandukuni, kinakwenda kupakwa dhahabu upya. Atapotea tena."

"Mimi nilimwona," Kassim akasema polepole. "Alinitazama mpaka nikamwamkia."

"Ukamwambiaje?"

"Shikamoo, shemeji."

Sharifa akainua uso.

"Nitavuka hadi Wete," akaendelea. "Nimwambie mama yako nimemwona binti yake. Kisha nimwombe huyu aliyebaki."

Sharifa akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"La dhahabu usimwambie," akasema. "Mwambie ni mweusi vile vile."