Mkono wa Pacha

Haya hayakumpata jirani wala rafiki wa rafiki. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshapasha madirisha. Dada alikuwa akizunguka sebuleni na mabuti mapya ya kupandia mlima, ayalainishe kabla ya safari. Kila akipita, vikombe vinagongana kabatini.

"Unatembea kama kabati linalohama nyumba," nikamtania.

"Ule mlima haupandwi kwa ndala, mdogo wangu," akajibu, akacheka kile kicheko chake cha kusikika barabarani.

Dada alikuwa mpiga eksirei hospitalini. Mambo ya mizimu na mashetani hakuyapa nafasi. "Nikipiga picha nisikione, basi hakipo," ndiyo iliyokuwa kauli yake.

Mama alikuwa kitini akishona kifungo cha shati. Hakucheka. Mlima ule, ulioko ng'ambo, ulishamla mwanawe mmoja, kaka yetu, pacha wa dada. Alipanda na wenzake miaka mingi nyuma. Karibu na kilele akaketi kwenye theluji, akasema wacha apumue kidogo. Wenzake wakashuka bila yeye. Pale ni juu mno, na maiti za pale hazishushwi. Wapandaji humpita kando ya njia, ameketi vilevile, mkono mmoja ameunyoosha kama mtu anayeomba kuinuliwa.

Dada alitaka kufika pale.

"Nimfunike uso tu, Mama. Kisha nirudi."

"Tumbo moja liliwaleta," Mama akasema, macho yakiwa kwenye sindano. "Mlima mmoja usiwachukue."

Lakini dada akishaamua ameamua. Alimpata Kocha, mwenye ukumbi wa mazoezi, mtu aliyewahi kufika kilele hicho na kurudi na vidole vyake vyote. Yeye ndiye angemwongoza dada na wapandaji wengine. Pasipoti ikatoka, viza ikagongwa, tiketi zikakatwa. Kila akitoka kazini dada alipanda na Kocha ngazi za hospitali, kutoka chini mpaka ghorofa ya juu kabisa, mabegi ya mchanga mgongoni. Wauguzi wakawa wanawacheka: mgonjwa anabebwa kwa lifti, mzima anajitesa kwa miguu.

Kocha ndiye aliyegundua kwanza. Alinivuta pembeni siku moja nilipokwenda kumchukua dada.

"Dada yako anapanda na nani?" akaninong'oneza.

"Si na wewe?"

"Mimi natangulia. Nasikia miguu yake nyuma yangu. Halafu nasikia mingine, nyuma yake. Tukisimama, ile mingine inaongeza hatua moja. Ndipo inasimama."

Nilimwambia ni mwangwi. Ngazi za majengo marefu zina mwangwi. Aliinamisha kichwa kama anayekubali, ila alikuwa akimtazama dada, aliyekuwa akifunga begi lake. Begani mwa dada palikuwa na weupe, kama unga. Alipojipangusa, ukayeyuka.

Siku chache baadaye tulikuwa tunakunywa chai mchana, joto la kumtoa nyoka pangoni. Kikombe cha dada kilikuwa kikifuka moshi. Akakishika kwa mkono wa kulia. Moshi ukakatika. Alikiinua anywe, akakirudisha mezani taratibu. Juu ya chai palikuwa na utando wa barafu.

Mama aliinuka, akaimwaga chai ile sinkini, akakiosha kikombe muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Kisha ikaja zamu ya vidole vya mkono uleule. Kwanza vilipauka. Vikawa rangi ya bluu. Ncha za viwili zikawa nyeusi, ngumu kama mkaa. Daktari wa zamu, aliyekuwa mwenzake kazini, alivigeuzageuza chini ya taa.

"Umerudi lini safarini?"

"Sijaondoka bado."

"Acha utani. Hii ni baridi ya barafu. Vidole hivi vimeganda."

Dada hakubishana. Alinichukua mpaka chumba chake cha eksirei, akafunga mlango, akalaza mkono juu ya sahani ya mashine. Akanionyesha kitufe nyuma ya kioo.

"Nikikwambia, bonyeza."

Nikabonyeza.

Picha ikajitokeza kwenye kompyuta. Niliona mifupa ya mkono wake, safi, imenyooka. Na juu ya mifupa hiyo, mifupa mingine. Vidole vinne vimeuzunguka mkono wake kwa upande huu. Kidole gumba kimeukaba kwa upande ule. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Nikatazama mkono wake pale kwenye sahani. Ulikuwa peke yake.

"Pacha wangu alianguka na baiskeli," dada akanong'ona. "Tukiwa wadogo. Kidole kile kikaunga vibaya."

Siku hiyohiyo alimpigia Kocha simu, akamwambia haendi. Alipokata simu alisimama katikati ya chumba chetu, mchana kweupe, madirisha yote wazi.

"Pacha," akasema. "Nisamehe. Siji."



Nje mtu alikuwa akifua. Nilisikia maji, nikasikia redio ya jirani. Kisha sikuvisikia tena. Kulikuwa na upepo. Haukuwa dirishani. Ulikuwa humu ndani, unapiga mluzi mwembamba, na pazia halitikisiki.

Dada akapiga kelele. Mkono wake ulinyooka mbele, wenyewe. Weupe ukapanda kutoka kwenye vidole. Ukafika kifundo. Ukafika kiwiko. Nilimshika kiuno. Nikavuta. Miguu yake ikaburuzwa sakafuni, na mimi nyuma yake.

"Ananivuta," akasema. "Jamani, ananivuta."

Mlango ukafunguliwa. Mama.

Hakukimbia. Alikuja kama anayeingia chumbani kwa mtoto aliyeota vibaya. Akatazama pale mbele ya dada, mahali ambapo mimi sikuona kitu. Aliinua uso kidogo. Kaka alikuwa mrefu.

"Mwanangu," akasema taratibu. "Mwachie mwenzio. Aliyekufundisha kutembea ni mimi. Shika wangu."

Akanyoosha mkono.

Dada akaniangukia. Tukaanguka wote wawili chini. Mkono wake ulikuwa huru.

Mama alibaki amesimama, vidole vyake vimekunjwa juu ya kitu. Kila akipumua, mvuke ulimtoka mdomoni, katika joto lile.

"Una baridi mno, baba," akasema. "Muda wote huo ulikuwa hivi?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Tulipomfikia, kope zake zilikuwa zimeshikana kwa barafu. Alikuwa ameshaondoka.

Daktari alisema ni moyo. Hakuuliza kwa nini shuka alilokalia Mama lilikuwa limekakamaa kama ubao.

Tulimzika. Dada alikatwa vidole viwili, akarudi kazini, lakini kicheko kile hakikurudi naye. Kocha alikuwa na watu wengine wanaomtegemea, hivyo akaenda mlimani kama ilivyopangwa. Aliporudi alifika nyumbani asubuhi, uso umebabuka kwa jua la theluji. Tulimpa kiti. Hakuketi.

"Kaka yenu hayupo pale," akasema. "Tumetafuta na waongozaji wenyeji wa kule. Hayupo."

Akatupatia simu yake tuone picha. Theluji tupu, safi, na shimo dogo mahali alipokuwa ameketi mtu. Kutoka kwenye shimo hilo zilianza nyayo. Jozi mbili, zimeandamana, karibukaribu. Moja ni ya mabuti. Ile nyingine, iliyotangulia, ni ya miguu mitupu, midogo. Vidole vyote vitano vilionekana.

"Hizi ni za mwanamke," nikasema.

Dada akamgeukia Kocha.

"Zinapanda au zinashuka?"

"Zinashuka," akanong'ona. "Tulizifuata mpaka theluji ilipoishia. Bado zilikuwa zinashuka."

Dada aliinuka. Akaenda mlangoni, akafungua komeo, akauacha mlango wazi.

Nikamfuata nyuma, nikaufunga, nikarudisha komeo.