Alirudi Kutoka Burma Mzima, Mwanawe Akammaliza

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nina hoteli ndogo ya chakula hapa Mtito Andei. Madereva wa malori wananijua kama mwanamke wa kucheka. Hawajui kuna mtu mmoja ambaye nikimkumbuka kicheko changu hukatika... na mtu huyo ni damu yangu!

Nililelewa na babu mzaa baba, Mzee Musembi, kule Kalamba, baada ya wazazi wangu kufariki. Nimepewa jina la mama yake, Mwikali, na kwetu Wakamba jina si mchezo. Ukirithi jina la mtu, wewe ndiye yeye. Kwa hivyo babu, mzee wa mvi, aliniita "mwaitu", yaani mama yangu, na mimi nilimgombeza kama mtoto asipomaliza muthokoi wake, yale mahindi ya kukobolewa. Tulicheka sana na yule mzee!

Babu alipigana vita vya Burma, vile vya Mwingereza na Mjapani. Alirudi na koti zito la jeshi na chupa ya maji ya bati. Hakuwa mtu wa kujisifu. Ukimuuliza habari za vita, alikwambia kulikuwa na mvua nyingi, basi. Lakini kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, alijaza ile chupa, akatoka nje, akamwaga kidogo chini na kusema, "Kunywa, Nzioka." Ndipo na yeye akanywa.

Nzioka ni nani? Watu hawakujua. Mimi aliniambia, kwa sababu mtu atamfichaje mama yake? Nzioka alikuwa kijana wa Kanyangi. Waliandikishwa pamoja, wakalala hema moja. Kule msituni alipigwa risasi ya tumbo, akamlilia babu ampe maji. Chupa ya babu ilikuwa imejaa! Lakini walikuwa wamefundishwa kwamba aliyeumia tumbo hapewi maji, atakufa. Babu akamnyima. Nzioka akafa hivyo hivyo, ameikazia macho ile chupa...

Jamani, mzee akimmwagia rafiki yake maji, huo ni ushetani au ni uchungu?

Shida ilianza mwaka ambao mvua ilikataa kabisa, mimi nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Anko Mutua, kitinda mimba wa babu, alikuwa anataka sana kufanywa mchungaji. Pale kwetu jua likizidi lazima apatikane wa kulaumiwa, na midomo ya watu ikageukia boma letu. Ati mzee anamwaga maji wakati watu wanachimba mchanga wa mto kuyatafuta! Ati anawanywesha aimu, yaani mizimu! Ati mchungaji gani huyo ambaye babake anafuga mizimu?

Anko akaja na waumini, wakamweka babu kitini katikati yao. Babu, ambaye hakuwahi kujitetea kwa mtu, akawaeleza yote kwa sauti ya chini. Nikadhani wataguswa. Wapi! Anko akaruka juu akapiga kelele, "Mmesikia wenyewe? Amekiri anaongea na wafu!"

Wakachukua koti, wakalimwagia mafuta taa, wakaliwasha. Chupa haikushika moto, kwa hivyo anko akaiponda kwa jembe, akaenda kuitupa kwenye choo cha shimo huku wengine wanaimba na kupiga makofi. Nilimvuta shati nikilia, nikamwambia hiyo ni roho ya babake anayoitupa. Akanisukuma nikaanguka. Babu aliinuka kitini. Alisimama wima, mikono imenyooka kando, vile askari husimama.

Kesho yake nilimletea maji kwenye kikombe. Akakitazama tu.

"Mwaitu," akaniambia, "Nzioka aliomba ile chupa. Hakuomba kikombe."

Hakunywa. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamlowesha midomo kwa kitambaa. Alipopelekwa hospitali akatundikiwa maji, aling'oa sindano. Anko akasema ni mapepo yanapigana kabla ya kutoka. Wiki haikuisha, babu akatuacha... mtu ambaye risasi zilimshindwa! Akafa na kiu mbele ya watoto wake.

Ngojeni, hamjasikia bado.

Kufika matanga, habari zikaenea kwamba mkubwa mmoja wa serikali atakuja kumzika askari wa Burma. Ghafla anko akawa mwana wa shujaa! Akashonesha suti. Akakodi vipaza sauti. Akasimama mbele ya umati akasimulia vita kama aliyekuwa huko, na machozi yakamtoka, haki ya Mungu! Kisha, kama aliyesahau alichofanya, akaniita kwa sauti tamu, watu wote wanasikia: "Mwikali, mwanangu, hebu lete lile koti la jeshi na ile chupa ya babu, tuweke juu ya jeneza wageni waone."

Nilisimama. Nikamtazama machoni.

"Koti ulilichoma, anko," nikamjibu. "Chupa iko chooni ulikoitupa. Nenda uilete."

Hata wale waliopiga makofi siku ile waliangalia viatu vyao. Anko akakohoa, akaanzisha wimbo. Mimi nikachota maji kwenye pipa la wapishi, nikayamwaga pale kaburini. Nikasema, "Kunyweni, nyote wawili." Hakuna aliyethubutu kunizuia.

Leo anko mwenyewe ni mzee mgonjwa. Ananipigia simu niende nimwone. Sijaenda. Najua mtaniambia nisamehe, na mimi huomba kila Jumapili nipewe huo moyo, lakini bado sijapewa. Nikiisikia sauti yake nasikia tu lile jembe likigonga bati.

Ndugu zangu, kama kwenu kuna mtu aliyeona vita, viwe vile vya zamani au hivi vya juzi vya Somalia, na ana kitu anachofanya ambacho hamkielewi, nawasihi mketi naye. Mmuulize. Akiwajibu, mmwamini! Msikimbilie kiberiti ili majirani wawaone watakatifu. Hotuba mtakazomsomea akiwa kwenye jeneza hatasikia hata moja.

Babu yangu hakutaka suti, wala vipaza sauti, wala mgeni mkubwa. Alitaka kumpa rafiki yake maji, basi... na nyumba yake ikamnyima.