Diski za Msiba wa Tata

Mwizi aliacha kamera.

Hilo ndilo lililomsumbua Mkaguzi wa Polisi Nuriat alipoingia katika chumba kile cha nyumba ya wageni, Miembeni, Bukoba mjini. Kamera ilikuwa juu ya meza pamoja na lenzi zake. Kompyuta ilikuwepo. Hata pochi haikuguswa. Kitasa kilikuwa kizima, na dirisha lilikuwa limefungwa kwa ndani.

"Nini kimeibwa?"

"Diski mbili za picha," alijibu mwenye chumba.

Aliitwa Joanitha, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Muleba. Zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa akitengeneza filamu za maisha halisi: yatima wa wachimba madini Bolivia, mafuriko ya Bangladeshi, wakimbizi katika mahema ya Lebanoni. Nuriat aliwahi kuona moja kwenye televisheni. Alimkumbuka mama mmoja akiosha maiti ya mwanawe, na kamera ikimtazama mpaka alipomaliza.

"Diski nyingine zipo?"

"Zipo. Za wavuvi, za wakulima wa vanila. Zilizochukuliwa zimeandikwa 'Tata'. Ni za ugonjwa na kifo cha baba yangu. Moja ni nakala ya nyingine."

"Nani alijua umuhimu wake?"

Joanitha alitupa jicho nyuma ya mlango. "Watu wa Ulaya wanaoisubiri filamu."

"Hao hawakuja Miembeni jana."

Nuriat alishuka mapokezi. Mhudumu, binti aliyeitwa Jovita, alikuwa tayari analia.

"Nani aliingia chumbani kwake jana?"

"Hakuna, afande. Ni mdogo wake tu."

"Mdogo wake yupi?"

"Lwakatare, wa Muleba. Alileta mkungu wa ndizi. Dada alikuwa ametoka, nikampa ufunguo auingize mkungu ndani. Ni ndugu, afande. Hata sura wanafanana."

Nuriat alipanda tena. Mkungu ulikuwa sakafuni, nyuma ya mlango.

"Hukuniambia kwamba mdogo wako alikuja."

"Niliuona mkungu nikaelewa," alisema Joanitha. "Nikatumaini nimekosea."

Wakaondoka pamoja kwa gari la polisi hadi Muleba.

Kaburi lilikuwa ndani ya kibanja, kati ya migomba, udongo wake bado mbichi. Lwakatare alikuwa akigeuza kahawa juani. Alipoliona gari la polisi hakukimbia. Alijifuta mikono kwenye suruali.

"Karibuni, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Najua mlichofuata."

"Lwakatare, si lazima useme lolote," alisema Nuriat. "Utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Diski umechukua wewe?"

"Mimi."

"Ziko wapi?"

Aliingia ndani, Nuriat akimfuata, akazitoa zikiwa zimeviringishwa katika shati la marehemu.

"Nilishika nyundo nizivunje. Nikashindwa. Sauti ya tata imo humo."

"Kwa nini uliziiba?"

"Muulize dada. Siku ile tata alimwita nani?"

Joanitha alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama chini. "Aliniita mimi."

"Macho yake yalikuwa hayaoni tena, afande. Dada alipokuwa akizunguka dunia, mimi ndiye niliyemlisha, nikamwogesha, nikamgeuza kitandani. Siku ya mwisho hakuniita. Aliita, 'Joanitha, uko wapi?' Na Joanitha alikuwa pale pale, miguuni pa kitanda, nyuma ya kamera. Akaita tena. Hakujibu."

"Kisha?"

"Nikajibu mimi. Niliibana sauti ikawa nyembamba kama ya mwanamke. Nikasema, 'Nipo, tata. Ni mimi, Joanitha.' Akanishika mkono. Akafa hivyo. Nilimdanganya baba yangu akikata roho. Sasa watu wa nchi nisizozijua wakae kwenye viti wanitazame nikijifanya dada yangu? Na majirani waone kwamba mimi hakunitaja kabisa?"

Nuriat alimgeukia Joanitha. Swali alilouliza halikuwa la kipolisi.

"Ulimsikia akikuita?"

"Nilikuwa na vipokea sauti masikioni. Nilisikia kuliko mtu yeyote mle ndani, hata pumzi yake. Niliona nikiishusha kamera, atakuwa anakufa kweli. Kwa watu wengine, kujificha nyuma ya kamera kumenisaidia miaka yote. Sikujua kwa baba yangu nifanye nini kingine."

Lwakatare aliketi sakafuni, akafunika uso kwa viganja.

"Unataka shauri liendelee?" Nuriat alimuuliza Joanitha.

"Hapana, afande. Na filamu haitaonyeshwa."

"Wanaoisubiri?"

"Watasubiri wachoke."

Joanitha aliingia, akaketi sakafuni karibu na mdogo wake. Hakumgusa. Ilikuwa kama hajui kama anaruhusiwa.

"Lwakatare," alisema polepole. "Alipokushika mkono alikunong'oneza kitu. Kipaza sauti hakikukinasa vizuri. Nimekisikiliza mara nyingi, sikipati. Alisema nini?"

Lwakatare alishusha viganja usoni.

"Alisema, 'Umerudi, mwanangu. Sasa mwache Lwakatare akalale. Amechoka sana.'"

Joanitha aliinama, akavuta kanga kichwani. Ndipo kilio kilipomtoka. Lwakatare alisogea, akamwegemea begani, wakalia pamoja.

Nuriat aliziacha diski juu ya kitanda, akatoka nje, akaufunga mlango taratibu nyuma yake.