Kiini Kipige Hodi

Mke alikuwa anaosha vyombo, sikio moja likiwa kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilikaa kwenye kona ya jikoni na kuendeshwa na kompyuta ndogo. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza kuku wao wote. Mayai yaliyokuwa ndani ndiyo mbegu pekee iliyobaki.

Mume aliandika programu ya kupanga joto. Mke aliandika sehemu inayosoma namba ya joto hilo na kuwasha au kuzima hita, ikifanya kazi ndani ya kiini, yaani programu kuu inayotawala kompyuta nzima.

"Mama watoto, nimerekebisha kidogo programu yangu," mume alisema, akabonyeza kitufe.

Skrini ikaganda. Hita ikabaki inawaka, na kipimajoto kikaanza kupanda.

"Umefanya nini?"

"Sijagusa cha kwako!"

"Chomoa waya wa hita! Mayai yataiva!"

Akachomoa. Lakini sasa mayai yangeanza kupoa. Mke aliifunika mashine kwa blanketi, roho mkononi, akamwita jirani yao, mwalimu wa kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Bi Polepole, na jina hilo hakupewa bure.

Bi Polepole alivuta kiti. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Mke alitamani kupiga kelele.

"Programu ya mumeo inakupa nini?"

"Anwani, Bi. Inaniambia namba ya joto ipo mahali fulani kwenye kumbukumbu yake. Mimi naingia, naichukua."

"Bila hodi?"

"Ni programu ya mume wangu. Nimkague mume wangu?"

"Mkague."

Mume akakohoa.

"Leo amekosea," Bi Polepole aliendelea, akiisoma skrini iliyoganda. "Amekupa anwani isiyo na kitu. Programu ya kawaida ikikosea hivyo, inakufa peke yake. Kiini kikikosea, kompyuta nzima inaanguka. Na mtu mwenye nia mbaya angekupa anwani ya siri za kiini chenyewe, ukamchotea kwa mkono wako."

"Nifanyeje? Mayai yanapoa!"

"Usiingie mwenyewe. Kiini kina kazi maalumu ya kunakili. Itumie hiyo. Inahakikisha kwanza kwamba anwani ni ya upande wa programu, kisha inakuletea nakala. Ikishindwa, inakwambia imeshindwa, na kompyuta haigandi. Ukishapata nakala, kagua hiyo hiyo. Usirudi kuchungulia kule, huenda namba imeshabadilishwa."

Mke aliiwasha upya kompyuta, akafuta mstari wake mmoja, akaandika mingine mitatu. Aliingiza mkono chini ya blanketi. Uvuguvugu ulikuwa bado upo, lakini kidogo.

"Sasa mpe anwani mbovu tena," Bi Polepole alimwambia mume.

"Ile ile?"

"Ile ile."

Akabonyeza. Wote walikodolea macho skrini. Yakatokea maneno mawili: "Anwani mbovu." Kompyuta haikuganda. Mke aliketi sakafuni kwa jinsi alivyofurahi. Mume akasahihisha programu yake, wakarudisha waya, na hita ikawaka. Joto lilipofika kiwango, ikazimika yenyewe.

Siku ya kuangua ilipofika, mayai machache yalikaa kimya. Mengine yakaanza kupasuka, na jikoni kukajaa sauti za vifaranga. Mke alilia machozi ya furaha bila kujificha.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mume, nje ya jiko lake mwenyewe.

"Hodi?"

"Umebeba nini?"

"Maji ya vifaranga."

"Weka hapo mezani," mke alisema, akijifuta machozi. "Nayakagua kwanza."