Fundi wa Migombani

Jua lilikuwa limezama nyuma ya migomba Gatwiri alipotoka kwenda kufunga maji. Zamu yao ya kumwagilia ilikuwa imekwisha, na Gitobu, jirani wa chini, si mtu wa kungojeshwa. Mama mkwe wake, Cicily, alimwona na kiondo begani akauliza ni cha nini, kwani bomba hufungwa kwa mkono. Gatwiri akasema huenda akachuma mboga ya terere njiani.

Alidanganya. Ndani ya kiondo mlikuwa na kitambaa cha pamba cha manjano, sindano na uzi.

Mimba yake ilikuwa imekomaa, na kliniki walikuwa wamemwambia ni msichana. Lakini katika nyumba ile ya Mitunguu mtoto hashonewi nguo kabla hajazaliwa. Cicily alikuwa amesema hivyo mara moja, bila kueleza, akaendelea na kazi zake. Mutembei, mume wa Gatwiri, alikuwa mtunza stoo katika shule moja kule Kaaga na alirudi Jumamosi tu. Hakukuwa na wa kumtetea. Basi Gatwiri, ambaye tangu utotoni hakuwa mtu wa kukatazwa bila sababu, aliamua kujifundisha kushona kwa mkono mwisho wa shamba, ambako hakuna aliyefika jioni.

Alifunga bomba. Maji yalikohoa ndani ya mipira, yakanyamaza. Akaketi juu ya kisiki cha mgomba, akatoa kitambaa. Mshono ulikuwa ukimwendea upande. Aliufumua, akaanza tena, ukaenda upande tena.

"Huo ni mshono ama ni njia ya kuku?"

Hakuwa amesikia mtu akija.

Mwanamke alikuwa ameketi ng'ambo ya mfereji, mgongo wima, kitambaa magotini. Kivuli cha migomba kilimficha uso. Alinuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, ikasahauliwa sandukuni miaka mingi. Gatwiri alimsalimu, akidhani ni kibarua wa Gitobu. Yule hakuitikia. Alinyoosha mkono tu, na Gatwiri, ambaye siku zote alikuwa ametamani mtu wa kumwonyesha, akampa ile kazi.

Alikuwa fundi kwelikweli. Alimwonyesha jinsi ya kuvuta uzi bila kukikunja kitambaa. Alimwonyesha kuirudisha sindano nyuma kidogo kila inapotokeza, ili mshono usiachie mtoto akirusha miguu, na kuukunja upindo mara mbili ili nyuzi zisimkwaruze. Ubavu mmoja wa gauni aliushona mwenyewe. Ulinyooka kama uliochapwa kwa cherehani.

Jioni zilizofuata Gatwiri alirudi, na kila mara alimkuta amefika. Waliongea kidogo. Mwanamke alimwita mwari wakwa, binti yangu, akamcheka kwa upole vidole vilipokosea. Gatwiri akaanza kumpenda.

Kisha, jioni moja isiyo na upepo, aligundua kwamba anausikia uzi wa mwenzake.

Sss... Sss...

Sauti ya uzi ukipita kitambaani, kutoka ng'ambo ya mfereji. Akainua macho. Sindano ya mwanamke ilipanda, ikashuka, ikapanda.

Haikuwa na uzi.

Gatwiri alihisi mtoto akigeuka tumboni kwa nguvu. Akauliza kwa kunong'ona, "Mama... unaitwa nani?"

Mwanamke hakuinua uso. "Jina langu? Utanipa wewe."

Gatwiri aliikunja kazi yake, akaitia kiondoni, akaenda zake. Hakukimbia. Tumbo lisingemruhusu, na pia hakutaka aonekane akikimbia.

Jikoni Cicily alikuwa akimenya ndizi mbichi. Gatwiri alimweleza yote, na uwongo wa terere pia. Kisu kilisimama. Ndipo Cicily akasema, kwa sauti ndogo, kwamba marehemu mumewe alikuwa na dada. Huyo dada alishonea watoto wa ukoo mzima, na yeye mwenyewe alikufa hajaolewa, hana mtoto. Wazee wakamzika na jina lake, maana mtu asiyezaa hakuachiwa wa kuitwa jina lake. Baadaye mke wa Kiambi, kaka wa huyo dada, alimshonea mtoto kabla ya siku zake, na fundi akamjia. Kwa hofu akamwahidi jina. Wazee wakakataa. Mtoto alilazwa mzima jioni, na asubuhi hakuamka.

"Ndiyo maana hatushoni," Cicily alisema. "Ni ile nguo inayomwita. Ichome leo. Kesho nitawaita akina mama wa kanisa waje waombe. Na usitoke."

Gatwiri aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kumkatalia usoni.

Cicily alifikiri. Hapana, hakuna.

"Basi kuna mimi."

Cicily alimwambia ana kichwa kigumu kama cha mbuzi wa kununuliwa. Alimfuata kesho yake hadi mwanzo wa migomba, na hapo miguu yake ikagoma. Gatwiri akaendelea peke yake.

Alimkuta ameketi. Harufu ilikuwa nzito zaidi, hata ulimi uliionja. Gatwiri hakuketi.

"Cucu," alisema, yaani bibi, maana sasa alijua ni nani kwa mtoto wake, "umenifundisha, na nashukuru. Mtoto hana jina la kukupa. Ataitwa Cicily, mama ya baba yake, kama tunavyoita sisi."

"Mkono wangu uko katika hiyo nguo," mwanamke akasema.

"Nautoa."

Alichukua sindano, akaanza kuufumua ule ubavu ulionyooka, mshono baada ya mshono. Uzi ulikuja kwa urahisi mwanzoni. Kisha ukakaza. Kuna kitu kilikuwa kikiuvuta kutoka upande wa pili, ng'ambo ya maji, na kila ulipokaza, tumbo lake lilikaza pia, chini, kwa uchungu wa kweli.

Alivuta.

Ulivutwa.

"Mwari wakwa..." Sauti ilikuwa karibu na sikio lake sasa. "Hata mmoja tu wa jina langu. Nina mmoja?"

Gatwiri alimwonea huruma. Hilo hakumwambia mtu. Lakini alipeleka uzi mdomoni, akaukata kwa meno.

Ladha yake ilikuwa ya udongo. Ng'ambo ya mfereji hapakuwa na mtu.

Palepale alikaa kwenye kisiki, akaushona ubavu ule upya kwa mkono wake mwenyewe hadi asione tena tundu la sindano. Ulikwenda upande. Aliuacha hivyo.

Mtoto alizaliwa kabla ya Jumamosi. Cicily alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, kisha kwa wiki nyingi akalala kando ya kitanda cha mjukuu, mkono kifuani pake, akihesabu pumzi. Gatwiri alimvika gauni la manjano mchana kweupe, mbele ya akina mama wa kanisa, na waliopenda kunong'ona wakanong'ona.

Sasa mtoto anatembea. Hajaugua ugonjwa wa maana. Ila ukimwita Cicily ukiwa uwanjani jioni, bibi yake huitika kwa mzaha, naye mtoto hageuki upande wa bibi, wala wa mama yake. Hutazama migombani kwanza. Hutazama kama anayesikia mtu mwingine akiitika. Mara nyingine hutabasamu, akapiga hatua moja upande huo.

Gatwiri hamkimbilii. Husimama wima mlangoni na kumwita tena jina lake lote, lake na la baba yake, kwa sauti ya kufika mwisho wa shamba, na tena, na tena, mpaka mtoto ageuke aje.