Vijiti Vinne vya Torunn

Kila asubuhi kabla ya shule, Torunn alimsaidia bibi yake, Gudny, kukamua mbuzi. Asubuhi hiyo hawakuweza hata kulifikia banda. Dhoruba ilikuwa imevuma siku mbili, na Bibi alipouvuta mlango, walikutana na ukuta wa theluji uliofika kifuani.

"Mgeni huyu hakubisha hodi," alisema Bibi. "Haya, tumsindikize."

Bibi alikuwa na miaka sabini na minne, wala hakuwa na pupa. Alikata theluji kwa beleshi vipande vya mraba, akianzia juu, na kuvitupa upande unakoelekea upepo.

"Ukiitupa unakotoka upepo, itakurudia usoni," alisema.

Torunn alichimba kwa kasi hadi akahema. Bibi alichimba polepole, na bado alikuwa mbele. Torunn akamtazama kwa fahari: njia nyembamba, iliyonyooka kama uzi, ilikuwa ikizaliwa mikononi mwa kikongwe.

Walipofika bandani, trekta lilinguruma kwa mbali.

"Jirani yetu Asbjorn huyo, anatufungulia barabara," Bibi alisema kwa furaha.

Torunn akakumbuka vijiti. Msimu wa vuli, kabla ardhi haijaganda, Bibi alimpa vijiti virefu ishirini avichomeke kandokando ya barabara, ili dereva aione njia theluji itakapoifunika. Kwenye kalavati, bomba linalopitisha kijito chini ya barabara pale inapopinda, ardhi ilikuwa na mawe. Torunn alichoka, akavificha vijiti vinne nyuma ya kuni. Bibi alipomuuliza, alijibu, "Vyote nimechomeka."

Sasa barabara na kijito vilikuwa weupe mmoja. Angenyamaza, huenda lawama zingeiangukia dhoruba. Lakini Asbjorn je?

"Bibi, kwenye kalavati hakuna vijiti! Nilikudanganya. Viko nyuma ya kuni."

"Kimbia ukamzuie," Bibi alisema. "Navileta."

Torunn alikimbia, akizama hadi kiunoni, akipunga kofia yake nyekundu. Trekta likasimama.

"Vipi, binti?" Asbjorn aliita dirishani. "Mbuzi wamekutuma?"

"Usije, Mzee Asbjorn! Mbele yako ni kijito!"

Asbjorn alishuka, akachomeka mpini wa beleshi hatua moja mbele ya gurudumu. Ukazama wote.

"Mimi hutoka kijiti hiki nikielekea kile," alisema. "Leo ningeinywa kahawa yangu pamoja na samaki."

"Kosa ni langu," Torunn alisema, machozi yakimlenga. "Vijiti vya hapa sikuvichomeka."

Bibi alifika akitweta, vijiti begani. Alipapasa theluji kwa kimoja hadi akaupata ukingo wa kalavati, kisha akampa mjukuu wake. Torunn alivichomeka vyote vinne, akashindilia theluji kwa buti, na kukitikisa kila kimoja. Trekta likapinda taratibu, likapita salama.

"Kijiti ni ahadi, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Anayekiona hukiamini bila kukuuliza, hata kama hakujui. Kazi uliyoiacha ilijificha chini ya uongo wako, kama barabara hii chini ya theluji. Umeufukua mwenyewe, tena mbele ya mtu uliyemkosea. Hilo ni zito kuliko theluji yote tuliyotupa leo. Sasa lete beleshi. Bado choo hakijaonekana."